Mwaka wa Herufi Sita

Waliofika nchi ile wakarudi ni wachache, na ukimwuliza mmoja wao atakueleza habari za barabara na za chakula, kisha atabadili mazungumzo. Saburi, muuza mikeka wa bonde la Rufiji, ndiye peke yake aliyekuwa tayari kueleza yote. Hata yeye alieleza akiwa amekaa karibu na mlango.

Alikwenda na mkewe, Kidawa, kutafuta soko jipya. Walifika asubuhi, kila mmoja na mzigo wa mikeka kichwani, wakakuta lango la nguzo mbili za mawe na boriti juu yake. Mlango haukuwapo. Kulia na kushoto hapakuwa na ukuta, ila michongoma. Chini, kutoka nguzo hadi nguzo, ulichorwa mstari mweupe, na nyuma ya mstari alisimama askari mwenye rungu, uso ameuelekeza nje.

"Lango halina mlango," Kidawa alisema. "Sasa wanamfungia nani?"

Askari aliwatazama wakivuka mstari, akapaza sauti kwa Kiingereza: "Enter!" Askari mwingine mbele akalipokea neno hilo, akalirusha kwa mwingine, likaenda hivyo mpaka likapotelea mjini. Saburi aliacha shule mapema, lakini neno hilo alilijua. Maana yake ni ingia. Akaona ni ukarimu.

Walipanga chumba kwa mtu mmoja aitwaye Natare, aliyeishi na mama yake, Mama Ansa. Natare alikuwa mtu mpole, mwenye mazoea ya kutazama dirishani kabla ya kujibu swali. Lugha ya nyumbani kwao ilikaribiana na yetu, wakaelewana bila taabu. Yeye ndiye aliyewaeleza sheria.

Zamani, alisema, alipita Mzungu akalala, na alipoondoka akasahau kisanduku cha bati. Ndani mlikuwa na vipande vya mbao, kila kipande na herufi yake. Wazee wakaona kuwa mtu mwenye akili kiasi kile hawezi kusahau kitu bure, kwa hiyo kisanduku kile kikawa msingi wa serikali. Kila mwaka mpya mkuu wa nchi, ambaye cheo chake mwaka ule kilikuwa Seneta, hufungwa kitambaa machoni, akatia mkono ndani na kutoa gao moja. Herufi zilizomo mkononi ndizo herufi za mwaka. Jambo lolote la kupelekwa serikalini, liwe ombi, shtaka au taarifa, sharti lisemwe kwa Kiingereza, na kwa maneno yanayoundwa na herufi hizo tu. Kurudia herufi kunaruhusiwa. Jambo lisilo na neno serikali hailijui, na jambo ambalo serikali hailijui halipo.

Mwaka ule zilitoka A, E, N, R, S na T. Majina ya watu yalibadilishwa kufuata herufi hizo. Nchi yenyewe ilipewa jina jipya, na la mwaka uliopita ikawa kosa kulitaja.

"Na kwa nini Kiingereza?" Saburi aliuliza. "Wangapi hapa wanakijua?"

Natare alitazama dirishani. "Hawafiki kumi. Kwani serikali iseme lugha gani?"

"Yenu."

Hapo Natare alicheka kwa mara ya kwanza. "Hii ya kufukuzia kuku?"

Siku iliyofuata walipeleka mikeka kupimwa, maana kitu hakiuzwi sokoni kabla ya kupewa neno. Ofisi ya Vipimo ilikuwa safi, na ukutani, ndani ya kabati la kioo, viliwekwa vile vipande vya mbao. Watu waliingia wakiwa wamevua viatu. Saburi alisogea akaona kwamba kila kipande kilichorwa pia mnyama au tunda kwa rangi za kung'aa. Penye R palikuwa na sungura amevaa kizibao. Vilikuwa vitu vya kuchezea vya watoto wa chekechea. Alifungua mdomo kusema hivyo, Kidawa akamkanyaga kidole.

Wapimaji watatu waliuzunguka mkeka kwa muda mrefu. Neno lake la Kiingereza lilikuwa na herufi ambayo haikutoka, basi mkeka kwa jina lake haukuwapo. Mmoja alitaka wageni warudishiwe mizigo na kuambiwa kwamba hawakuja na kitu. Wa pili alisema kitu kisichokuwapo hakirudishwi. Wa tatu, aliyekuwa mnene na mchangamfu, akaukalia mkeka, akatulia kidogo, akasema ni "seat", yaani kiti. Wote wakafurahi. Muhuri ukagongwa. Mikeka iliuzwa vizuri siku hiyo, ila kila mnunuzi alionywa kwamba ni ya kukalia, na atakayeonekana ameulalia atakuwa ametumia kiti kinyume cha neno lake.

Njiani kurudi walicheka sana. Kidawa alisema mumewe naye apelekwe kupimwa, huenda akapata neno zuri kuliko alilonalo nyumbani. Walizoea upesi. Ofisini mtu akitaka maji huomba "tea", akapewa maji, na karani akaandika chai. Ukiuliza jambo lako litakuwa tayari lini, huambiwa "near", yaani karibu. Neno hilo lilikuwa halali, na kila ofisi ililitumia tangu kufungua mpaka kufunga.

Jambo la kwanza lililomtia Saburi wasiwasi lilikuwa sahani. Kila mlo Mama Ansa alipakua sahani za watu watano, na wao walikuwa wanne. Ya tano aliiweka mahali palepale, mbele ya kigoda kitupu, akaifunika kwa kawa. Mlo ukiisha aliifunua, akamwaga chakula, akaiosha kama zile nyingine. Kidawa, ambaye hakuwa mtu wa kukaa na swali moyoni, akauliza ni ya nani.

"Ya Rasene," mama alijibu. "Mwanangu mdogo."

"Yuko wapi?"

Mama Ansa alitazama kigoda, akamtazama Natare, akasema Rasene hupenda samaki. Baada ya hapo hakula tena.

La pili lilikuwa jirani yao Nesera, mshona nguo. Alikuwa mwanamke wa vichekesho, aliyemwita Saburi "shemeji kiti" tangu siku ile ya mikeka. Asubuhi moja alisema mgongo unamvuta, akajilaza barazani kwake juu ya mkeka alioununua kwao. Haukupita muda, wakaja watu wanne waliovaa nguo nyeupe zilizopigwa pasi, wamebeba machela. Walipiga hodi kwa adabu. Mmoja akamtazama Nesera pale alipolala, akasema neno moja la Kiingereza: "Rest." Maana yake ni pumzika.

Nesera akainuka upesi kwa kiwiko, akasema kwa lugha yao kwamba hajambo, ni mgongo tu, alikuwa anaunyoosha. Wale watu waliitikia kwa vichwa kama wanavyoitikia waungwana. Wakamlaza tena taratibu, wakamfunika shuka, wakamwinua. Alikuwa akizungumza nao walipomchukua, sauti yake ikipanda. Majirani waliokuwa barabarani waliinamisha vichwa na kuvua kofia.

"Wanampeleka wapi?" Saburi aliuliza.

"Nyumba ya Mapumziko," Natare alisema.

"Hospitali?"

Natare alifunga dirisha kabla ya kujibu, na alipojibu alinong'ona. Hospitali haikuwa na neno mwaka ule. Ugonjwa haukuwa na neno. Homa, maumivu, daktari, hata kufa, vyote vilikosa herufi. Wapimaji walikaa mwanzo wa mwaka wakatafuta neno la kumwandikia mtu aliyelala na hawezi kuinuka, wakapata hilo moja. Aliyekufa ni rest. Anayeumwa ni rest. Kwa kuwa neno ni moja, nyumba ni moja, na shimo la nyuma ya nyumba ni moja. Wabebaji hawakuwa watu wabaya. Waliandikiwa neno, nao wakalitimiza.

"Lakini yule mama yu hai," Saburi alisema. "Amesema nao. Nimemsikia."

"Wote tumemsikia."

"Na hamkusema kitu?"

"Kwa neno lipi?" Natare aliuliza. Hakuwa akifanya mzaha.

Baraza la Nesera lilifagiliwa siku hiyohiyo. Mkeka wake ulikunjwa ukasimamishwa ukutani.

Usiku ule Saburi na Kidawa walikubaliana kuondoka. Kulipokucha Saburi alikwenda Ofisi ya Vipimo kuaga, kwani aliambiwa kila mwenye safari hupitia pale. Yule mpimaji mnene alimsikiliza kwa huruma. Alimweleza kwamba kuingia kuna neno, kama alivyosikia langoni. Kutoka hakuna. Kwenda hakuna, kuondoka hakuna, nyumbani hakuna. Walishayatafuta yote, kwa sababu hata yeye ana dada ng'ambo ya pili.

"Kwa hiyo tumefungwa?"

"Hapana, bwana. Hatumkatazi mtu. Hakuna neno tu."

Saburi akauliza mwaka mpya ni lini.

"Near," mpimaji alijibu, akamshika bega.

Saburi alirudi akamkuta Kidawa amekaa kwenye kona ya chumba amejifunika kanga mbili, meno yanagongana. Alimgusa shingoni, akaondoa mkono. Ile homa ya kwao kijijini ilikuwa imemfuata mpaka huku.

"Usilale," Saburi alisema.

"Nani amesema nataka kulala? Kitanda chenyewe cha hapa nani akitamani?" Lakini kichwa chake kilikuwa kikimwangukia kifuani.

Alimkalisha juu ya mkeka, mgongo ukutani, akamwegemeza mto kila upande. Mtu aliyekaa juu ya mkeka amekaa kwenye kiti, na hilo lilikuwa halali. Mama Ansa alileta maji, akamfuta uso, akatoka bila kusema neno. Natare alisimama mlangoni akivifinya vifungo vya shati lake.

Hakuna aliyeiambia serikali. Saburi aliamini hivyo baadaye, wala hakumlaumu mtu. Lakini dirisha halikufungwa, na mgonjwa hana namna ya kuzuia kukohoa. Jioni hodi ikabishwa. Walikuwa wale wanne. Walimtazama Kidawa, wakamwona amekaa. Wakaomba radhi, wakaiweka machela barazani, nao wakakaa pembeni yake. Mmoja alitoa pakiti ya karanga wakagawana. Hawakuwa na haraka. Walikuwa wamewahi kungoja watu wengi, na hakuna aliyekaa milele.

Saburi hakupata kuogopa vile maishani mwake. Mtu mwenye panga unaweza kumkimbia, au ukamrushia kitu. Hawa walikuwa wakila karanga. Kila Kidawa alipoinama, mmoja wao aliinua shingo kidogo kuchungulia, halafu akarudi kukaa.

Asubuhi alimwachia Natare amshikilie, akakimbilia Baraza la Seneta. Siku hiyo walikutana wajumbe wote, na mgeni alikuwa na haki ya kusimama mbele yao mradi awe na neno. Alikuwa nalo moja, alilolikumbuka usiku kucha kutoka kwa mwalimu wake wa zamani. Alisimama akasema: "Treat."

Seneta mwenyewe, mzee mwenye sauti laini, aligeukia wataalamu wake, akauliza neno hilo lina maana gani. Mjumbe mwenye miwani akasema ni kutibu, na herufi zake zote zimo. Saburi akapiga hatua moja mbele kwa furaha.

Ndipo mjadala ukaanza, kwa lugha ya nyumbani, maana herufi zilimbana mleta jambo tu. Mjumbe mmoja alitaka kujua anatibiwa nani. Akaambiwa, mgonjwa. Akauliza mgonjwa ana neno? Hana. Basi, alisema, mheshimiwa mgeni anaomba asiyekuwapo afanyiwe jambo lililopo, na hilo litaharibu hesabu. Mwingine alipendekeza kutibu kuruhusiwe mwaka huu, na wagonjwa waletwe mwaka ujao, herufi zikijaliwa. Pendekezo hilo lilipigiwa makofi mengi. Wa tatu akasema kama tiba ingekuwa muhimu, yule Mzungu asingeondoka kabla ya kutwambia. Mwenye miwani alijaribu kusema kwamba yeye mwenyewe mtoto wake yu nyumbani, na usiku huu alikuwa... akaishia hapo. Aliwatazama wabebaji wa nguo nyeupe waliosimama karibu na mlango wa ukumbi, akavua miwani, akaifuta, akakaa.

Seneta alimshukuru Saburi kwa neno zuri. Aliagiza liandikwe kwa wino mwekundu. Saburi akasema kwa lugha ya kwao, bila kujali tena, "Mke wangu anakufa, mzee."

Seneta alimtazama kama mtu anayetazama mdomo unaofunguka na kufumba nyuma ya kioo. "Near," alisema.

Saburi alirudi akitembea, maana aliona wakimbiaji mjini hutazamwa. Barazani wabebaji walimsogezea miguu apite. Ndani Kidawa alikuwa bado amekaa, lakini Natare ndiye aliyekuwa akimshikilia kichwa kwa nyuma, kwa siri, mkono umepita chini ya kanga. Mama Ansa alikuwa amepakua chakula. Sahani tano, na moja mbele ya kigoda kitupu, imefunikwa kawa.

Saburi alisimama akaitazama sahani ile mpaka wote wakatulia.

"Rasene hakuchukuliwa na hawa," alisema taratibu. "Angechukuliwa, msingempakulia. Nesera hakuna anayempakulia."

Mama Ansa akakivuta kigoda karibu naye.

"Natare, ndugu yangu. Nduguyo alipita wapi?"

Midomo ya Natare ilitaka kuunda jambo ikashindwa. Alitazama dirishani, halafu akainua kidevu chake kidogo tu, kuelekea barabara ya langoni.

"Askari hawakumshika?"

"Kosa lake wangelitaja kwa neno lipi?" Natare alisema, na safari hii aliyashangaa maneno yake mwenyewe. Aliendelea kwa kunong'ona. Mchana kweupe. Alivuka mstari, askari akimwona. Askari hakuwa na cha kupaza, na atakayetoa taarifa isiyo na neno hufungwa kitambaa mdomoni mpaka mwaka uishe. Kwa hiyo, kwa serikali, Rasene hakutoka. Yupo. Ndiyo maana mama anampakulia, na ndiyo maana kodi yake wanailipa.

"Na nyinyi kwa nini hamtoki?"

"Kwenda wapi?" Mama Ansa ndiye aliyeuliza. Alikuwa amekishika kile kigoda kwa mikono miwili. "Baba, huko hakuna. Mwanangu alipovuka ule mstari, mimi nilikuwa nyuma yake. Nilimwita, akageuka. Alinitazama, nami nilikuwa namwona, halafu nikasikia watu wote wakisema hawamwoni. Nikatazama tena. Sasa sijui kama nilimwona."

Saburi alichuchumaa mbele ya mkewe. "Kidawa, unanisikia?"

"Nakusikia."

"Unaweza kutembea?"

"Siwezi."

"Itabidi."

Alimweleza kwa ufupi. Kumbeba haiwezekani, kwa kuwa mtu aliyebebwa ni wa machela. Natare aliongeza kwamba hata kushikwa kwa mikono miwili huhesabiwa kubebwa. Mkono mmoja ni salamu, hauna kosa. Kidawa alisikiliza macho amefumba. Kisha akasema, "Ningejua nitakufa kwa ajili ya kuuza viti, ningebaki kulima mpunga," akanyoosha mkono.

Walipotoka, wabebaji walisimama pia. Walikung'uta maganda ya karanga kwenye nguo zao, wakainua machela, wakafuata nyuma, hatua chache tu. Natare alikuja ubavuni. Alisema atawasindikiza mpaka kwenye mti wa mwisho.

Barabara ile walikuja nayo wakicheka. Sasa ilikuwa ndefu. Jua lilikuwa kali, na Kidawa alitembea kama mtu anayekanyaga maji, akitafuta ardhi kwa kila mguu. Watu walisimama milangoni. Walimtazama yeye, wakatazama machela, kama wanaotazama mchezo wanaoujua mwisho wake. Mwanamke mmoja aliyekuwa anachambua mchele alitoa kigoda akakiweka kando ya njia, kwa huruma ya kweli, amwone mgonjwa akikaa. Kidawa alikitazama kigoda kile. Saburi aliufinya mkono wake mpaka akasikia mifupa.

"Unaniumiza," Kidawa alisema.

"Nikasirikie. Usikae."

Mara mbili aliyumba, na mara mbili Saburi alisikia nyuma machela ikishushwa nusu na kuinuliwa tena. Hatua za wale watu hazikuharakisha wala kuchelewa. Mmoja wao, kijana mwenye sauti nzuri, alikuwa akimsemesha Kidawa njia nzima kwa lugha ya nyumbani, kama ndugu wa karibu. Mama umechoka. Mama, jua hili. Shuka ni safi, mama, tumelifua jana. Keti kidogo tu.

Walifika kwenye mti wa mwisho. Natare hakusimama. Alipitiliza nao mpaka langoni.

Yule askari alikuwa mahali pake, uso nje. Alisikia hatua, akageuka. Aliwaona wote, mume, mke, machela. Akainua rungu. Saburi aliendelea kutembea kwa kuwa hakuwa na jambo jingine la kufanya. Mdomo wa askari ulifunguka. Ulibaki wazi, na shingoni mwake mshipa ulikuwa ukipanda na kushuka. Macho yake yalizunguka, yakatafuta angani, yakatafuta kwenye mstari mweupe. Hakuna neno lililotoka. Rungu lilishuka polepole. Akageuza uso wake mbali nao na kuutazama mchongoma kwa makini, machozi yakimtoka.

Mguu wa Kidawa ulikanyaga mstari. Mguu wa pili ukavuka. Alikwenda hatua tatu au nne zaidi, halafu akaanguka kifudifudi, Saburi akaanguka pamoja naye.

Alilala pale, waziwazi, karibu kiasi kwamba mbebaji angeweza kumfikia kwa kunyoosha ncha ya machela. Saburi alimkumbatia akatazama nyuma. Wale wanne walikuwa wamesimama juu ya mstari, viatu vyao vimepangana sawasawa. Yule kijana alikuwa akitazama mahali palepale walipolala.

"Amekwenda wapi?" aliuliza.

Mkubwa wao alimgeukia. "Nani?" alisema.

Wakaikunja machela. Ubaridi aliousikia Saburi wakati ule, kwa maneno yake mwenyewe, ulizidi wote wa barabarani. Alijishika uso kuhakikisha kwamba upo.

Natare alibaki peke yake nyuma ya mstari. Saburi alimnyooshea mkono. "Njoo. Ni hatua moja. Nduguyo yuko huku mahali fulani."

Natare alisogea mpaka vidole vya miguu yake vikagusa chokaa. Mkono aliuinua. Lakini macho yake yalikuwa yakipapasa hewani, kushoto na kulia ya pale Saburi alipokuwa, kama ya mtu aliyeingia ndani kutoka juani. Kama kweli hakuwaona, au aliogopa kuwaona, Saburi hakupata kujua. Alisimama hivyo kitambo. Kisha akageuka akarudi mjini, na bila shaka jioni ile Mama Ansa alipakua sahani tano, tatu akazifunika kwa kawa.

Saburi alimbeba mkewe mgongoni mpaka wakakuta watu, na watu wakawafikisha kwenye zahanati ya upande wetu, yenye benchi refu lililojaa wagonjwa. Kidawa alikalishwa. Alipimwa damu. Baadaye tabibu alitoka na majibu, akasimama mbele yake, akamgeukia mwenzake, nao wakazungumza kwa Kiingereza juu ya kichwa chake, upesi upesi, wakiitikiana.

Kidawa alifumbua macho. Akashika ukingo wa benchi, akajisukuma, akasimama. Alikuwa anatetemeka mwili mzima.

"Kaa, mama," nesi alimwambia. "Kaa upumzike."

Hakukaa. Alimtafuta mumewe kwa macho, akanyoosha mkono mmoja. Saburi alikuja akaushika. Miaka yote, tabibu anapozungumza Kiingereza hivyo, yeye alikuwa mtu wa kuitikia ndiyo, akapokea karatasi, akaondoka. Wengi kwenye benchi lile walikuwa wa namna hiyo, na sasa wote waliwageukia.

"Bwana tabibu," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko alivyotaka. "Tuambie tuelewe. Hatakaa mpaka utuambie."

Tabibu alimtazama, akalitazama benchi. Saburi alihesabu moyoni njia ya kuufikia mlango.

"Ni malaria," tabibu alisema hatimaye. "Imekuwa kali, lakini dawa ipo. Utapona, mama."

Kidawa aliyasikiliza maneno yale moja moja mpaka la mwisho. Ndipo akakaa.